Muvi za mapenzi zenye kicheko na kilio: nani kaigiza kweli?

Muuliza:
Wakuu, salaam. Nimeirudia The Apartment ya Billy Wilder (1960), na kuna jambo linanikera. Tukitaja uigizaji mzito tunakimbilia muvi za vita, za wafungwa, za wagonjwa. Hizi za mapenzi na vichekesho tunaziona za kupotezea muda. Kwangu mimi ndizo ngumu kuliko zote: mwigizaji akuchekeshe, na wakati huohuo usisahau kwamba kuna mtu pale anaumia.

Chukueni sherehe ya Krismasi ofisini. Jack Lemmon ni Baxter, karani wa bima anayewaazima mabosi ufunguo wa kwake wapeleke michepuko, ili apandishwe cheo. Siku hiyo kanunua kofia mpya, anataka kujiona. Shirley MacLaine ni Fran, dada wa lifti ambaye Baxter anampenda kimyakimya. Anampa kioo chake cha mkobani. Kina ufa. Baxter anakijua kioo hicho, maana alikiokota nyumbani kwake akamrudishia bosi mkubwa kwa mkono wake mwenyewe. Mtazameni Lemmon usoni hapo. Hapayuki, hadondoshi kitu. Tabasamu bado liko mdomoni, machoni halipo tena. MacLaine naye anaeleza kwamba anakipenda hivyohivyo na ufa wake, kinamwonyesha anavyojisikia. Anasema kwa wepesi tu, kama vile anazungumzia kofia.

Nani mwingine kafika hapo? Nitajieni mwigizaji na kipande chenyewe, si jina la muvi tupu.

Jibu la 1:
Olympia Dukakis, Moonstruck (1987). Wote wanamtaja Cher, na Oscar yake ni halali kabisa, lakini Dukakis naye aliondoka na yake ya mwigizaji msaidizi. Kipande ni mezani, asubuhi ile karibu na mwisho. Dukakis ni mama yake Cher humo, na anajua muda wote kwamba mumewe ana mwanamke nje. Hajalia wala kutukana. Anamwambia tu, mbele ya familia, aachane naye. Mzee anasimama, anaipiga meza ngumi, anakaa, anakubali. Nilicheka, halafu nikajishangaa nacheka nini.

Nicolas Cage pia, pale kiwandani kwa mikate anapolalamikia mkono wake uliokatika. Makelele matupu! Kinachomwokoa ni Cher, jinsi anavyomsikiliza.

Jibu la 2:
Mkuu, Lemmon kwangu ana mbwembwe nyingi. Ile chupa ya dawa ya mafua anayoibinya ofisini kwa bosi mpaka inaruka, jamani! Kwenye muvi hiyo mimi namchagua Fred MacMurray, huyo bosi Sheldrake. Alikuwa ametoka kwenye The Shaggy Dog ya Disney (1959), baba wa familia kabisa. Humu Fran anamletea zawadi ya santuri, yeye anachomoa noti ya dola 100, akajinunulie kitu mwenyewe. Hana hata ukali, anaitoa kama anayelipa nauli, akili iko kwenye treni ya kurudi kwa mke na watoto. Fran anaanza kuvua koti, maadamu imeshalipwa. Hapo hata MacLaine asingeweza kuumia vile bila ubaridi wa yule bwana.

Muuliza:
Kwa MacMurray nakubaliana nawe. Ila mbwembwe za Lemmon zina kazi. Mtu asiyetulia hata dakika, siku akitulia mbele ya kioo unashtuka. Angekuwa mpole tangu mwanzo, kile kipande kingepita hivihivi.

Jibu la 3:
Na bado Lemmon na MacLaine waliteuliwa wakakosa, ingawa muvi yao ilibeba Oscar ya filamu bora! Kwa hiyo msipime kwa tuzo. Ingawa As Good as It Gets (1997) iliwapa zote mbili kubwa, Jack Nicholson na Helen Hunt, na sina ubishi, hasa kwa Hunt.

Ila mmemsahau Jack Kruschen, daktari jirani. Usiku Fran anapokunywa vidonge vingi vya usingizi ajiue, daktari anamzaba makofi asisinzie, anamtembeza chumbani huku na huku, hana utani hata kidogo. Ni jirani yuleyule aliyetuchekesha mwanzoni, anayedhani Baxter analeta wanawake kila usiku. Na usiku huu anamlaumu Baxter kwa yote, naye Baxter ananyamaza, anaubeba mzigo wa bosi.

Muuliza:
Huyo nilimpita kabisa. Moonstruck naitafuta leo.