Tupeane uzoefu: gemu za kijasusi za kunyata tulizichezaje mahali ambapo muda unalipiwa?

Mwanzisha mada, Kaloleni, Arusha

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, nawasalimu. Kuhusu gemu za mpira na za magari tumekwisha kuzungumza sana, lakini sisi tuliopenda zile za kijasusi, ambazo ushindi wake ni kupita bila kuonekana, hatujawahi kukaa pamoja tukasimuliana. Gemu za namna hiyo zinadai subira na ukimya, na katika vibanda na kafe tulizokulia yote mawili yalikuwa adimu, kwa kuwa kila dakika ilikuwa na bei yake na nyuma ya kiti walisimama vijana wasioisha kutoa ushauri. Naomba kila mmoja aeleze alivyoweza.

Naanza mimi. Katika kafe moja ya intaneti karibu na Soko Kuu, kompyuta zote zilikuwa na Project IGI, iliyotengenezwa na Innerloop Studios ya Norway na kutoka mwaka 2000. Unaingia peke yako katika kambi ya jeshi yenye uzio, minara ya walinzi na kamera, na king'ora kikilia askari wanamiminika kutoka kwenye majengo kana kwamba hawana mwisho. Jambo lililoitofautisha na nyingine ni kwamba haikuruhusu kuhifadhi mchezo katikati ya misheni, hivyo aliyeuawa akiwa hatua chache kutoka mwisho alirudishwa hadi mwanzo kabisa. Sasa chukua sharti hilo ulipeleke kwenye kafe inayouza muda kwa nusu saa, ambako kompyuta hujifunga yenyewe pesa yako ikiisha, hata kama umejibanza nyuma ya ukuta ukimsubiri mlinzi mmoja tu ageuke.

Ufumbuzi wetu ulikuwa kufanya upelelezi kabla ya kulipa. Tulikaa kwenye benchi tukimtazama mwenye kiti, tukachora kambi kwenye daftari la shule: mnara upi una mdunguaji, kamera ipi huzimwa kutoka kompyuta ya jengo lipi, mlinzi yupi hupita karibu na kitufe cha king'ora. Tulipofika kwenye kiti tulikuwa tunaijua kambi ile kuliko mitaa ya jirani. Toleo la pili la mwaka 2003 liliruhusu kuhifadhi mara chache katika kila misheni, na wapo waliolifurahia. Kwangu mimi lilipunguza ile hofu iliyomfanya mtu atazame kwanza kabla ya kunyanyua mguu.

Wa Majengo, Moshi

Ahsante kwa mada, kaka. Yangu ni Metal Gear Solid, ile ya mwaka 1998 kwenye PlayStation ya kwanza, na tatizo langu halikuwa muda bali karatasi.

Mnaokumbuka enzi hizo mnajua kwamba mashine nyingi zilikuwa zimefungwa chipu ili zisome sidii za kunakili, na sidii zenyewe ziliuzwa ndani ya mfuko laini wa plastiki, jina likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Gemu hii ilikuwa na sidii mbili, nasi tulizipata zote, tukashukuru. Tukaingia katika kisiwa cha Shadow Moses, tukajifunza kuzitazama alama za kwenye rada zinazoonyesha mlinzi anaangalia wapi, tukagundua kwamba nyayo zetu kwenye theluji zinaonekana na kwamba mlinzi huzifuata. Kisha tukafika kwa yule mkuu wa kampuni ya silaha, Kenneth Baker, anayemwambia Snake, jasusi unayemchezesha, awasiliane kwa redio na msichana aitwaye Meryl, na kwamba masafa yake yako nyuma ya kasha la sidii.

Ndani ya gemu kuna diski ambayo Snake hukabidhiwa wakati huohuo, kwa hiyo sote tuliamini kwamba kasha linalotajwa ni la diski hiyo. Tuliifungua, tukaitazama kila upande, tukarudi tulikotoka kutafuta kasha lililoachwa sakafuni. Kumbe mtunzi alimaanisha kasha halisi, lile lenye picha, ambalo mchezaji wa Japani au Marekani alikuwa nalo mkononi, na nyuma yake kulikuwa na picha ndogo ya mazungumzo ya redio yenye namba 140.15. Sisi tulikuwa na mfuko wa plastiki. Tukaanza kuzungusha masafa moja baada ya jingine, tukisikiliza sauti ya redio isiyojibiwa, hadi binamu yetu wa Nairobi, ambako mtu fulani alikuwa na kasha kamili, alipotutumia namba hiyo kwa ujumbe wa simu. Sijui gemu nyingine iliyojenga kizuizi cha namna ile bila kukusudia kwa watu wa huku kwetu.

Niongeze kisa kimoja kifupi. Katika gemu hiyohiyo yupo adui aitwaye Psycho Mantis, anayejidai kusoma mawazo yako, na kwa kweli anachosoma ni memori kadi iliyochomekwa kwenye mashine. Akikuta gemu fulani za Konami, kampuni iliyotoa gemu hii, zimehifadhiwa humo, anazitaja. Kadi yetu tuliiazima kibandani na ilikuwa imepita katika mikono ya mtaa mzima, kwa hiyo alinisifia kwa kupenda Castlevania, ambayo sikuwahi hata kuiona. Ili kumshinda unatakiwa kuchomoa pedi na kuichomeka kwenye tundu la pili, ili asiweze kusoma unakotaka kwenda. Nilipofanya hivyo, mwenye mashine alinikemea akidhani naiharibu.

Mwenye kibanda, Ngarenaro, Arusha

Nawasikiliza wateja wangu wa zamani mkilalamika, nami niseme upande wa mwenye mashine. Mechi ya mpira ina watu wawili wanaolipa, inakwisha baada ya dakika chache, na aliyefungwa hutaka kulipiza hapohapo, kwa hiyo pesa inazunguka. Mteja wa gemu ya kunyata hukaa peke yake, runinga nzima ni yake, na watazamaji wanaondoka kwa sababu hakuna wanachokiona zaidi ya mtu aliyechuchumaa gizani. Ndiyo maana niliwapangia hao asubuhi za siku za kazi, wakati kibanda ni kitupu, na nikawatoza kwa saa badala ya kwa mechi. Nikiri kwamba ndio wateja pekee ambao pedi zangu zilirudi salama, kwa kuwa hawakuwa wakizibamiza.

Wa Sakina, Arusha

Mzee wetu wa Ngarenaro, heshima yako. Mimi sikuwahi kukaa kibandani, kwani nyumbani hawangeruhusu. Nilicheza kwenye kompyuta ya kaka yangu, na gemu niliyoipenda kuliko zote ni Splinter Cell: Chaos Theory ya mwaka 2005, ambamo Sam Fisher, jasusi mtu mzima mwenye mzaha mkavu, anaongea kwa sauti ya mwigizaji Michael Ironside.

Uzuri wake uko kwenye kipimo cha sauti. Gemu nyingi za aina hii zinakuonyesha tu kama uko kwenye mwanga au kivulini, lakini hii iliweka pia kipimo kinacholinganisha kelele unayoifanya na kelele iliyoko mahali ulipo. Kukiwa kimya, hata kutembea kwa kasi kidogo kunamshtua mlinzi. Ukiwa karibu na jenereta linalounguruma, unaweza kutembea kwa uhuru zaidi. Misheni ya kwanza, ya mnara wa taa ufukweni, inachezwa katika dhoruba, na mchezaji makini husubiri radi ipige ndipo asogee. Tena ukiwazimia taa, walinzi hawakai kimya kama masanamu. Wanaulizana, wanawasha tochi, wanakuja kuangalia, na wakikosa kitu wanarudi wakinung'unika.

Sasa fikirieni mambo hayo yote katika nyumba yetu ya mabati wakati wa masika. Kwenye gemu mvua inanisaidia mimi, na kwenye nyumba mvua inawasaidia walinzi, kwa sababu siwezi kuzisikia hatua zao. Nilinunua visikizio vya masikioni vya bei nafuu, na tangu hapo nilianza kusikia mambo ambayo kaka yangu, aliyeimaliza gemu kabla yangu, hakuwahi kuyajua: mazungumzo ya walinzi kuhusu familia zao na mishahara yao. Sehemu kubwa ya Kiingereza changu cha kusikiliza niliipata kwa kujibanza nyuma ya milango ile. Kwa maoni yangu, anayepita haraka katika gemu hii ameliona jengo tu, watu waliomo hajawasikia.

Wa Njiro, Arusha

Naomba nipingane na wenzangu kwa adabu. Kujificha kivulini ni nusu ya kazi, na nusu iliyo ngumu zaidi ni kujificha mbele ya macho ya watu. Nazungumzia Hitman: Blood Money ya mwaka 2006, kutoka IO Interactive ya Copenhagen, ambamo unavaa nguo za mhudumu au za fundi na kupita mlango uleule ambao ungepigiwa risasi ukiwa na suti yako. Kuna kipimo kinachopanda watu wanapoanza kukutilia shaka, na misheni ikimalizika unaonyeshwa gazeti linaloeleza kilichotokea: ukifanya kazi chafu, mashahidi wako wamo humo na wanakuelezea.

Mimi nilifanya kazi katika hoteli za watalii hapa mjini, na nawahakikishia kwamba waliotengeneza gemu hiyo waliichunguza vizuri tabia ya binadamu. Mtu mwenye sare na sinia mkononi haulizwi anakwenda wapi, hata na meneja. Nilipokuwa nikicheza baada ya zamu ya usiku, sikuhitaji kufundishwa kwamba anayekimbia ndiye anayetazamwa.

Mwanzisha mada

Kaka wa Njiro, hoja yako ya sare naikubali kabisa, ila shujaa wa Hitman ni muuaji wa kukodiwa na kazi yake si ujasusi, kwa hiyo tumpokee kama jirani. Na kwa vile wengi mnazungumzia uhaba, niongeze jambo la kihistoria linalolingana nao. Metal Gear ya kwanza, ambayo Hideo Kojima aliitengenezea kompyuta ya nyumbani ya MSX2 mwaka 1987, ilitakiwa iwe gemu ya vita. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kuonyesha maadui wengi na risasi nyingi kwa pamoja, naye akaamua kwamba kama hawezi kuwaonyesha wakipigana, basi mchezaji awakwepe. Kabla yake, mwaka 1981, Silas Warner alikuwa amekwisha kutengeneza Castle Wolfenstein kwenye kompyuta ya Apple II, ambamo mfungwa anatoroka ngome kwa kuvaa sare za walinzi. Hivyo gemu hizi tangu mwanzo zimekuwa za mtu mwenye vitu vichache.

Wa Kijenge, Arusha, mwenyeji wa Marangu

Mimi nina kisa cha kusubiri ambacho sidhani kama kuna atakayekipiku. Gemu ni Metal Gear Solid 3: Snake Eater ya mwaka 2004, kwenye PlayStation 2, iliyowekwa katika misitu ya Urusi ya Kisovieti mwaka 1964. Hapo hakuna rada ya kuonyesha walinzi wanatazama wapi kama ile ya kisiwani. Unabadilisha nguo na rangi ya uso ili zifanane na majani au matope, na asilimia inayoandikwa pembeni ya kioo inakueleza umefichika kiasi gani. Katikati yake kuna pambano na mdunguaji mzee sana aitwaye The End, ambaye ana kasuku, anajificha mahali popote katika sehemu kubwa ya msitu, na mara nyingine husinzia akiwa na bunduki yake. Unaweza kumtafuta kwa nyayo, au kwa kipaza sauti kinachonasa pumzi zake, na pambano linaweza kuchukua saa nzima bila risasi kugusa mtu.

Nilikuwa katikati ya pambano hilo Desemba moja, na kama mnavyojua, Desemba kwa sisi watu wa Kilimanjaro si mwezi wa kubishana na wazazi. Gari lilikuwa limekwisha kupakiwa mizigo, baba anapiga honi, nikahifadhi mchezo nikachomoa waya, tukaelekea Marangu kwa Krismasi na tukakaa hadi baada ya mwaka mpya. Niliporudi Kijenge na kuiwasha mashine, nilikuta mzee yule amekufa. Hakuuawa na mtu. Watengenezaji waliiambia gemu isome saa ya ndani ya PlayStation, na kama zaidi ya wiki imepita tangu uhifadhi pambano, mzee anafariki kwa uzee wake.

Wenzangu kibandani walikataa kuniamini, hadi mmoja wao alipojaribu kuisogeza mbele saa ya mashine yake kwa mkono na kupata matokeo yaleyale. Mimi, kwa upande wangu, nilikasirika. Nilikuwa nimeyafuata majani yaliyokanyagwa kwa jioni nzima na nilikuwa karibu kumpata.

Kijana wa Pasua, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote. Mimi nina laptopu dhaifu ya chuo na sina mashine ya PlayStation, na chumba ninachoishi tuko watatu. Nianze na ipi?

Wa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Kwa laptopu dhaifu na chumba chenye kelele nakushauri Mark of the Ninja ya mwaka 2012, kutoka Klei ya Kanada. Shujaa wake ni ninja, lakini sheria za kunyata ni zilezile, na inafaa hali yako kwa sababu moja mahsusi: kelele inachorwa. Ukikimbia, duara linatokea kwenye kioo likionyesha sauti yako imefika wapi, na hatua za mlinzi usiyemwona nazo zinaonekana vivyo hivyo, kwa hiyo wenzako wanaweza kuendelea kuongea bila kukuharibia. Ukiimaliza ndipo utafute visikizio vizuri, kisha uhamie Chaos Theory. Hiyo ichezwe usiku, wenzako wakiwa wamelala.