Tyubu moja, namba tatu: maabara ya mkoa inahama kutoka rejista kwenda bakodi

Mapokezi14
Wakuu, salaam. Maabara ya mkoa inapokea damu za kupima wingi wa VVU kutoka vituo 14 vya afya, bodaboda inaleta Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kituo kina namba yake, mapokezi tuna yetu, faili la Excel la majibu lina ya tatu. Kituo kikiuliza sampuli yao iko wapi, ni kupekua kurasa. Bajeti inatosha kompyuta mbili, skana na printa ya lebo. Programu tunayoifikiria ni OpenELIS, ya kusimamia kazi za maabara. Tuanzie wapi tusije tukahamishia vurugu ya karatasi kwenye kompyuta?

Mama_Sampuli
Anzeni na namba. Iwe moja, na izaliwe kituoni damu inapotolewa. Ikizaliwa mapokezi, safari yote ya bodaboda inabaki gizani, na huko ndiko sampuli zinakopotelea.

Chapeni lebo huko mkoani kwa seti za nne zenye namba ileile: ya tyubu, ya fomu, ya rejista ya kituo, na ya nne iambatane na fomu kwa ajili ya kichupa cha plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe). Tarakimu tisa zinatosha: mbili za mwaka, sita za mfululizo, ya mwisho ya uhakiki, ili namba iliyokosewa kuandikwa ikataliwe papo hapo. Msiweke msimbo wa kituo ndani ya namba, maana vituo huazimana lebo zikiisha. Na isianze na sifuri. Excel inaimeza, jibu linakosa mwenyewe.

Lebo ibandikwe mbele ya mgonjwa, mara damu ikishatoka. Tyubu zilizobandikwa asubuhi kwa mkupuo ndizo zinazobadilishana wagonjwa.

LeboNaWino
Kwenye printa msibane matumizi pasipostahili. Lebo inayochapwa kwa joto peke yake, kama risiti ya dukani, hufifia kwa jua na kufutika ikiguswa na spiriti. Chukueni printa ya utepe, utepe wa rezini, lebo za plastiki. Za kichupa kinachoingia friza ya nyuzi hasi 80 zina gundi yake maalumu. Za kawaida hubanduka zikiganda.

Tyubu ya milimita 13 bandikeni lebo kwa urefu, mistari ya bakodi ionekane kama ngazi tyubu ikisimama. Ikizungushwa kama pete, skana haioni mistari ya pembeni. Acheni weupe wa milimita 3 hivi kila mwisho wa bakodi. Mkasi ukila hapo, haisomeki hata ikiwa safi kabisa.

Saa24
Nyakati nne ziingie kwenye mfumo: damu kutolewa, kuzungushwa kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha plazma), kuondoka kituoni, kupokelewa. Damu nzima ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye tyubu) kwa kawaida inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24; someni karatasi ya maelekezo ya seti yenu ya vipimo, nyingine zinabana zaidi kulingana na joto. Tyubu ya Ijumaa jioni isiyozungushwa kituoni, Jumatatu ni ya kukataliwa, na mfumo useme hivyo wenyewe kabla haijapotezewa kitendanishi (kemikali ya kupimia).

Kila boksi liwe na orodha. Kituo kikiskani 23, mapokezi wakapata 22, inayokosekana inajulikana dereva akiwa bado mlangoni.

Mapokezi14
Nashukuruni sana. Rejista ya karatasi tuiache lini? Na mashine ya kupimia tuiunganishe mara moja?

Mama_Sampuli
Wiki mbili za kutumia vyote viwili, basi. Zikizidi, watu hujaza karatasi mchana na kuingiza kwenye kompyuta jioni kwa mkupuo, na nyakati zote zinakuwa za uongo. Ila fomu tupu zibaki droo ya mapokezi kwa siku umeme ukikatika.

Saa24
Mashine iunganisheni mwezi wa pili wa kutumia mfumo, kwanza upande mmoja tu: itume majibu, isipokee maombi. Mtu ayalinganishe na skrini ya mashine, majibu 50 ya mwanzo, moja moja, pamoja na yale ya "haikugundulika", yaani virusi havikuonekana. Hayo hayana tarakimu, na programu iliyotegeshwa kupokea namba pekee huyaacha wazi au huandika 0.

Kagueni pia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na sampuli inaonekana imepokelewa kabla ya kutolewa.