Haibridi huku Kigoma: inanusa mafuta kweli au tumeuziwa namba za Japani?

Mleta mada (Gungu, Kigoma)

Wakuu habari za asubuhi. Jumamosi nilikuwa Mwanga kwa mtu wa tairi naziba pancha, mzee mmoja mwenye IST akaitazama gari yangu akasema mbele ya watu kwamba haibridi, yaani hizi gari zenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, ni gari za foleni za Dar, Kigoma hakuna foleni, kwa hiyo nimelipa hela nyingi nibebe betri bure. Watu wakamuunga mkono, ubishi ukawaka mpaka pancha ikaisha na bado hatujaelewana. Nimeona niulete hapa maana kuna watu wanakopa kununua hizi gari na wengine wanazikimbia kama zina mapepo, na pande zote mbili watu wanaongea bila kupima, hilo ndilo linaloniuma.

Haibridi yangu ni Toyota Aqua, huu mwaka wa tatu. Nauza dawa za mifugo, nazunguka Kasulu, Buhigwe, Uvinza, kwa mwezi natembea kama kilomita 1,200. Kabla ya hapo nilikuwa na IST ya cc 1300, kazi ileile njia zilezile, kwa hiyo cha kulinganisha ninacho.

Aliyeniuzia aliniambia inaenda kilomita 35 kwa lita. Hiyo namba ipo kweli, Aqua ilipotoka Japani Desemba 2011 ilipimwa kwa kipimo chao cha JC08 ikapata 35.4. Ila kile kipimo gari inapandishwa kwenye rola ndani ya jengo, wastani wa mwendo haufiki kilomita 25 kwa saa, kilele ni kama 82, AC imezimwa, hakuna mlima, hakuna upepo wa mbele, hakuna katoni za dawa nyuma. Wajapani wenyewe waliona haifanani na barabarani wakahamia kipimo cha WLTC ambacho namba zake ziko chini. Sasa mtu anayekuuzia gari uende nayo kwenye milima ya Manyovu halafu anakutajia 35 bila kukwambia imepimwaje, huyo hajakutendea haki.

Namba zangu hizi hapa. Najaza tenki mpaka bomba la sheli likate lenyewe, naandika kilomita kwenye daftari, nikirudi najaza sheli ileile pampu ileile. Dashibodi siifuati, yangu inajiongezea kilomita 1 mpaka 2 kila ninapolinganisha na daftari. Mjini tupu, yaani Gungu, Mwanga, stesheni, Ujiji, napata kilomita 17 mpaka 18 kwa lita. Kasulu kwenda na kurudi nikitembea mwendo wa 80 kwa saa, napata 23. Kasulu hiyohiyo nikiwa na haraka, 110, inashuka mpaka 19. Manyovu kupanda na kushuka, 20. IST ilikuwa inanipa 11 mjini na 13 au 14 safarini.

Kwa hiyo mzee wa Mwanga ana kipande cha ukweli. Kwetu mjini ndiko inakofanya vibaya zaidi, na si kwa sababu hakuna foleni, ni kwa sababu safari zetu ni fupi mno. Asubuhi ukiwasha, injini inaamka ili ipate joto hata kama betri ina chaji, sasa kutoka Gungu mpaka Mwanga dakika chache umefika umezima, umelipa mafuta ya kuipasha moto halafu hujaonja faida. Mwenye safari ndefu ya polepole ndiye anayevuna.

Na raha ipo jamani, hili watu wanalificha. Jioni nikitoka Mwanga nashuka Lumumba kuelekea stesheni natoa mguu kwenye mafuta, injini inalala kabisa, nasikia tairi zinavyosugua lami na sauti za watu wa pembeni, mshale umeingia sehemu ya kuchaji, ziwa lile mbele linang'aa. Nikifika chini dashibodi inaonyesha vijiti viwili vya chaji ya betri ambavyo sikuvinunua sheli. Sijawahi kuchoka kuendesha hii gari, na IST nilikuwa nafika Kasulu kichwa kinauma.

Wenye haibridi leteni namba mlizopima wenyewe. Wanaopinga pia karibuni.

Dereva wa Probox (Kasulu)

Mkuu nakuheshimu kwa daftari lako ila umeongelea lami tu. Mimi napeleka mizigo vijijini, masika ikianza ile barabara ya udongo inakatika mifereji katikati, Aqua tumbo lake liko sentimita 14 kutoka chini, utaburuza bampa hadi uiache njiani. Hizo 23 zako unazipata wapi ukiwa umekwama kwenye tope? Halafu raha unayosema mimi siioni, nimeendesha ya shemeji yangu kupanda Manyovu nimekanyaga mafuta injini ikalia kama inataka kutoka nje na gari inaenda ileile taratibu, hakuna gia ya kuteremsha, hakuna kitu cha kushika, yaani sikuendesha nilibebwa. Probox ya manyuo, ya gia za mkono, naisikia mwilini, najua hapa namba 3 inatosha hapa inataka 2. Na ikiharibika Heru Juu huko kuna kijana anaifungua na spana mbili.

Mleta mada

Kaka kwenye udongo nakubali moja kwa moja, mimi masika nikienda vijijini vya ndani naacha gari Kasulu napanda bodaboda. Mwenye kazi kama yako asinunue Aqua, nalisema bila kuzunguka.

Ila kuhusu kulia kwa injini ngoja nieleze maana wengi wanadhani ni ugonjwa. Mle ndani hakuna gia za kubadilisha, kuna seti moja ya meno inayounganisha injini na mota mbili za umeme, kompyuta ndiyo inaamua injini izunguke kiasi gani. Ukikanyaga mpaka chini mlimani inaipeleka kwenye mzunguko wenye nguvu na kuiacha palepale, kwa hiyo sikio linasikia kelele na jicho halioni mwendo unapanda kwa hatua kama ulivyozoea. Injini yenyewe ina farasi 74 tu, ukichanganya na umeme ni 100, si gari ya mashindano. Lakini mota ina nguvu ya kuvuta ya Nm 169 na inaitoa kuanzia tairi limesimama, injini pekee ni 111. Jaribu kuondoka kwenye kilima cha Kibirizi umesimama nyuma ya lori, inanyanyuka bila kurudi nyuma hata kidogo. Mlimani usikanyage mpaka chini, shika mguu katikati, utapoteza dakika 2 na kelele inaisha. Kujua mguu uishie wapi ndiyo gia yangu mimi, na inataka akili kama ya kwako.

Mdau wa Kibirizi

Mimi nina Nissan Note ya e-Power, nayo ni haibridi. Hii injini haigusi tairi kabisa, kazi yake kuzalisha umeme tu, mota ndiyo inaendesha. Ukiachia mafuta inajikamata yenyewe, breki naigusa kwa nadra. Mjini tamu kuliko gari yoyote niliyowahi kushika. Barabara kuu nikifika 100 ulaji unapanda mpaka nasikitika, kwa hiyo kwa mwenye safari za Kasulu kila wiki naona Aqua ya mleta mada inafaa zaidi.

Fundi (Ujiji)

Naomba niongee kidogo kwa sababu mnabishana mafuta na mimi naona kinachoua hizi gari mikoani ni vumbi. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, inapozwa na feni inayovuta hewa ya humo humo ndani ya gari kupitia kitundu chenye wavu pembeni ya siti, pale chini. Mwezi uliopita ililetwa moja taa zote zimewaka, mwenyewe ameshaambiwa betri imekufa atafute milioni karibu mbili. Nimeng'oa siti, kitundu kimezibwa na kiroba, ndani ya feni nimekuta vumbi jekundu limeshikana na magamba ya dagaa, limekuwa kama blangeti, nililivuta kwa vidole likatoka kipande kizima. Jamaa anabeba dagaa wa Kibirizi kwenye siti ya nyuma, madirisha wazi, barabara ya vumbi. Tumesafisha, tumefuta makosa kwenye kompyuta, inatembea mpaka leo. Ila betri iliyopikwa miezi hivyo haitarudi kuwa ile ya mwanzo, nilimwambia ukweli.

Mjue pia mle ndani kuna vipande 20 vimeungwa kupata volti 144, Toyota Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni 28 na volti 201. Kinachokufa mara nyingi ni kimoja au viwili. Mafundi wanabadilisha kimoja wanarudisha, baada ya muda mfupi kingine kinafuata kwa sababu kipya na vichakavu havivutani sawa. Na tafadhali vijana wa gereji, zile nyaya za rangi ya chungwa si za kugusa kwa kujaribu, zinaua. Jambo jingine, betri ndogo ya volti 12 ikichoka gari haiwaki kabisa na watu wanadhani ile kubwa imekwenda. Pimeni ndogo kwanza kabla hamjalia.

Mleta mada

Fundi asante sana, hii ya kitundu naomba kila mwenye haibridi akaangalie leo leo. Mimi nafagia ule wavu kwa brashi ya meno kila Jumapili na sijawahi kuweka mzigo upande ule.

Dada wa Cheyo (Tabora)

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwalimu, niko Tabora mjini, hapa ni tambarare hakuna milima yenu. Natoka Cheyo naenda shule Ipuli, sokoni, kanisani, kwa mwezi sidhani kama nazidi kilomita 400. Nimeweka akiba kidogo kidogo na nimeona bei ya Aqua imezidi ya IST kama milioni 4. Ninunue au nisinunue? Naomba jibu la kweli.

Mleta mada

Dada tupige hesabu. Tuweke mafuta 3,000 kwa lita iwe rahisi, ingawa huku kwetu EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei mpya ya mwezi tunakuwa juu ya Dar kwa sababu yanasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000. Mimi na kilomita 1,200 zangu, IST kwa wastani wa 12.5 ingekula lita 96, Aqua kwa wastani wa 20 inakula 60. Naokoa lita 36, ni 108,000 kwa mwezi, kwa mwaka inakaribia milioni 1 na laki 3. Milioni 4 za tofauti zinarudi mwaka wa nne unapoanza. Wewe na 400 zako unaokoa kama lita 12, ni 36,000 kwa mwezi, kwa mwaka 432,000, itakuchukua zaidi ya miaka 9, na hapo betri hujaigusa. Na kwa zile safari fupi hiyo 20 yenyewe huenda usiipate. Kwa ajili ya mafuta usinunue dada yangu.

Dada wa Cheyo

Nashukuru kwa kunijibu wazi. Ila naomba nikupinge kidogo. Mwenzangu ana moja, alinipa nikaiendesha kutoka Isevya mpaka shuleni, nilipofika getini ile kimya yake, watoto hawakusikia hata gari imeingia, nikakaa dakika 1 ndani sijashuka. Siku nzima nasikia kelele za watoto 70 darasani. Mbona mtu akinunua redio kubwa ya gari hakuna anayemuuliza itarudisha hela lini? Nitaongeza akiba mwaka mmoja nichukue isiyochoka betri.

Mleta mada

Hapo umenishinda dada. Niliweka raha kwenye mada halafu kwenye hesabu nikaiacha nje. Chukua, ila fundi aipime betri kipande kimoja kimoja kabla hujalipa.

Mzee wa IST (Mwanga, Kigoma)

Mjukuu wangu amenisomea haya yote. Mimi ndiye niliyesema pale kwa mtu wa tairi. Kijana sikusema kukudharau. Mimi nimestaafu, pensheni ni ileile kila mwezi. IST ikinifia vifaa vyake napata hapa Mwanga jioni hiyohiyo. Ya kwako ikifa unatajiwa milioni 2 na unasubiri mzigo kutoka Dar. Hizo lita zako 36 nazikubali, lakini mimi hiyo milioni 2 siku ikija kwa mkupuo sina. Nyinyi mnahesabu mwezi, mimi nahesabu siku mbaya. Na hiyo 23 ya Kasulu kwa kweli bado siiamini.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana kwa kuja, na hiyo ya siku mbaya sina jibu lake, mimi mwenyewe kila mwezi naweka pembeni 50,000 ya betri na kuna mwezi nimeila. Kwa hiyo katika zile 108,000 nusu yake hivi siihesabu kuwa yangu.

Ila hiyo 23 naomba tuipime pamoja. Twende na gari zote mbili, mzee uje na IST yako, tujaze sheli moja pampu moja, tutembee 80 mpaka Kasulu tunywe chai turudi tujaze palepale. Na siku nyingine tukapime Manyovu. Huko kurudi haibridi ina udhaifu wake na nitakuonyesha: ziwa liko kama mita 770 juu ya bahari na milima ile inapita 1,500, betri yangu haibebi hata yuniti 1 ya umeme, inajaa katikati ya mtelemko, kuanzia hapo naweka gia kwenye B, ile ya mtelemko, injini inashikilia gari inaunguruma na ule umeme mwingine wote unapotea bure. Utaona na macho yako, sitaficha.

Mzee wa IST (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Jumamosi saa 1 asubuhi, sheli ya Mwandiga. Ujaze wewe kwanza nisimame niangalie bomba linavyokata, halafu daftari la siku hiyo analishika mjukuu wangu.