Matenga 14 ya nyanya nimekamuliwa 14,000 getini: ile ruhusa ya tani moja ilifutwa lini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie nikiandika ovyo.

Nalima nyanya bonde la Ruvu kule Mlandizi, nauza Ilala. Jana saa tisa usiku nimepakia matenga 14 kwenye kirikuu, mzigo wote haufiki kilo 700. Getini kijana wa ushuru kasimama katikati ya barabara: "Tenga buku."

Nikamwambia kijana huyo, bajeti ya 2017 ilisema mwenye mzigo usiozidi tani moja, akitoka halmashauri moja kwenda nyingine, asitozwe. Akacheka. "Hayo ya Dodoma hayo, mzee. Hapa ni geti."

Tumebishana karibu saa nzima. Nikalipa. Risiti? Mashine eti haina mtandao.

Sasa pigeni hesabu. Bajeti hiyo hiyo ilishusha ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2. Nyanya zangu nimeuza 18,000 kwa tenga, kwa hiyo asilimia 2 ni shilingi 360. Hata ile 5 ya zamani ni 900! Huyu kachukua 1,000, tena kwa mzigo ambao hakutakiwa kuugusa.

Na hiyo 18,000 nayo ni matunda ya geti. Nimefika Ilala jua limetoka, Fuso mbili za nyanya za Ilula, kule Iringa, zimeshashusha, dalali hata hanitazami usoni. "Umechelewa, bei imekufa." Waliowahi alfajiri wameuza 25,000. Piga mara 14 muone nimepoteza kiasi gani. Hapo bado ushuru wa soko, wabebaji, na dalali mwenyewe, anayelitikisa tenga na kusema halijashiba. (Mzani sokoni? Labda wa kupimia dagaa.)

Halafu tunaambiwa mkulima wa Tanzania ashindane. Ashindane na nani? Ingia duka lolote hapa Sinza, nyanya ya kopo imevuka bahari na bado ina bei ya kununulika. Yangu imetoka Mlandizi tu hapo!

Alhamisi napakia tena. Mwenye waraka au hotuba ile yenye kipengele cha tani moja aiweke hapa, niichape, nimpe dereva aibandike kwenye kioo cha mbele. Na kama kuna aliyewahi kugoma kulipa geti hizi za Pwani akapita, aseme alifanyaje.