Naomba ushauri: elektrodi izame kiasi gani kwenye msuli wa moyo?

Wakuu, habari zenu. Natengeneza modeli ya kompyuta ya kuunguza tishu ya moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaoingizwa hadi moyoni, wenye elektrodi, yaani kipande cha chuma kinachopitisha umeme, kwenye ncha), umeme wa kilohezi 500. Hadi sasa nimezamisha ncha ya elektrodi milimita 1, tishu ikiwa bapa kama meza. Kidonda, yaani sehemu ya tishu iliyoungua, kinatoka kizuri mno, ndiyo maana sikiamini! Damu hupitisha umeme vizuri kuliko msuli, kwa hiyo eneo la mguso likibadilika kidogo, mstari wangu wa nyuzi joto 50 za Selsiasi, ninaouchukua kama mpaka wa kidonda, unahama. Na katheta ikikandamizwa kwa gramu 10 au 20, tishu hubonyea na kuikumbatia ncha. Je, nianze na hesabu ya kubonyea ndipo nilete umeme na joto, au kubadilisha kina tu kunatosha? Kompyuta yangu tayari inahema.