Kazi ya kutafuta vibali vya nyimbo za tamthilia, mtu anaweza kula nayo?

BintiTabata
Wakuu habari za jioni. Nina diploma ya sheria, mwaka jana nilipata pa kujishikiza kwenye kampuni ndogo ya tamthilia hapa Dar, niliingia kwa ajili ya mikataba ya waigizaji ila sasa hivi karibu kazi yote imegeuka kuwa vibali vya nyimbo. Ilianza hivi. Tulishuti sini kwa mama ntilie Magomeni, kiredio chake kiko juu ya friji kinapiga wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa unatamba kipindi hicho, hakuna aliyejali. Episodi ikaenda kwenye chaneli, ikarudi, wanataka kibali cha ule wimbo au utolewe. Edita akahangaika nao siku mbili wapi, umeshagandana na sauti za waigizaji kama ukoko na sufuria. Bosi akanigeukia, "si wewe ndio mwanasheria?" Toka siku hiyo ndio mimi.

Sasa naomba kujua, hii ni kazi ya kudumu au kibarua cha msimu? Na unaanzia wapi, maana mi nilidhani kuna dirisha moja unalipia unaondoka, kumbe natakiwa nimtafute mwenye wimbo mwenyewe.

MzeeWaKijiwe
Dada unajitesa bure. Weka sekunde saba tu hakuna wa kukushitaki, kila mtu anafanya hivyo.

Mkanda254
@MzeeWaKijiwe hiyo ya sekunde saba ni hadithi ya mtaani, hakuna sheria inasema hivyo, si Kenya si Tanzania. Kuripoti habari ama kuhakiki kazi ya mtu kuna nafasi yake ya kutumia kipande bila kibali, lakini tamthilia ya mapenzi haiwezi jificha hapo.

BintiTabata, mimi niko Nairobi, nafanya hii kazi mwaka wa tisa saa hii na nalipa nyumba nayo, kwa hivyo jibu ni ndiyo, ila kampuni moja haitakulisha. Mimi nashika nne kwa mkupuo na nalipwa kwa kila msimu wa kipindi.

Kitu cha kwanza, wimbo mmoja una wenyewe wawili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, huo ni wa mtunzi ama pablisha wake, yaani kampuni inayomsimamia nyimbo zake. Halafu kuna rekodi yenyewe, masta, hiyo ni ya aliyegharamia studio, mara nyingi lebo, siku hizi msanii mwenyewe. Unahitaji sahihi za pande zote mbili. Ukipata moja ni kama umenunua gari bila funguo. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu msanii anawaambia "wimbo ni wangu tumia tu", kumbe korasi aliandikiwa na mtu mwingine.

Cha pili, chaneli ikikwambia "sisi tunalipia muziki kwa vyama", usitulie. Malipo ya vyama vya kukusanya mirabaha, huku kwetu vimekuwa MCSK ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi na PRISK ya waimbaji na wapigaji, ni ya kurusha hewani. Kuubandika wimbo ndani ya picha ni ruhusa nyingine, hiyo unamuomba mwenyewe moja kwa moja. Na hata hivyo vyama usidhani vimetulia, 2017 KECOBO, ofisi ya serikali ya hakimiliki, iliwanyima MCSK leseni ikapewa chama kingine, MPAKE, watu tukabaki tunauliza tumlipe nani.

Cha tatu, usiulize bei kabla hujasema unataka nini. Barua yako iseme sini inahusu nini, sekunde ngapi, wimbo uko nyuma ya maongezi ama mhusika anauimba, nchi gani, miaka mingapi, TV pekee ama na mtandaoni. Mwanzoni nilikuwa naandika "tunaomba kutumia wimbo wako", najibiwa bei za kutisha, na ni haki yao, hawajui kama ni harusi ama vita. Na uombe bei ya leo pamoja na bei ya kesho, yaani kipindi kikinunuliwa na app ya sinema tutaongeza kiasi gani, iandikwe kabisa. Ukirudi kuomba baadaye wakati episodi ishauzwa, umeshikwa shingo, watataja chochote.

Kuna mtego mwingine. Mwenye masta atasaini akiweka sharti kwamba asilipwe chini ya mwenye utunzi. Sawa, lakini ukishakubali, kila shilingi unayomuongezea mtunzi unaiongeza mara mbili. Niliwahi kula hasara hapo nikajilipia kwa mfuko wangu.

BintiTabata
Daah asante sana kaka, nimeandika yote kwenye daftari. Sasa dairekta wetu ana sini ya babu anakumbuka ujana wake, anataka zilipendwa, anasema hizo ni za zamani kwa hiyo ni bure. Ni kweli?

BabuSanturi
Si kweli mwanangu, na hizo ndizo ngumu kuliko zote.

Sheria yetu ya 1999 iliweka maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Chukua Mbaraka Mwinshehe, alifariki Januari 1979, piga hesabu mwenyewe kama imeisha. Na ukitaka kurusha Unguja ujue Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao ya hakimiliki, COSOZA, kibali chako kiandike wazi Bara na Zanzibar.

Shida yenyewe ni nani wa kumuomba. Bendi za enzi zetu nyingi hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la jiji. Vyombo vya mwajiri, mishahara ya mwajiri, halafu wanaingia studio za Redio Tanzania wanarekodi, mkanda unabaki redioni. Na santuri nyingine zikatolewa Nairobi. Sasa hapo mwenye masta ni nani, mwenye utunzi ni nani, na karatasi iko wapi? Mara nyingi hakuna karatasi.

Mimi nilipiga besi miaka michache, nilishawahi kuulizwa na vijana wa filamu wakitafuta familia ya mwenzetu mmoja. Tukaenda mpaka Tanga. Mjane alikuwa anakaanga mihogo barazani, akatusikiliza mpaka mwisho kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, humo mna daftari la marehemu, mashairi yote kwa mwandiko wake na tarehe pembeni. Hilo daftari ndilo lilikuwa ushahidi pekee duniani kwamba wimbo ni wake. Lakini kusaini hakusaini siku hiyo, alisema watoto wote sita wakae kwanza. Na alikuwa sahihi, maana mmoja akisaini peke yake wale watano wanakuja na wakili. Ilichukua miezi minne. Mwambie dairekta wako aanze leo kama anautaka kweli, au watafute bendi iwatungie wimbo mpya kwa mtindo ule ule, magitaa matatu, tumba na tarumbeta, mkataba safi.

Ughaibuni_London
Niongezee kidogo. Huku Uingereza stesheni kubwa zina makubaliano ya jumla na vyama vya muziki, kwa hiyo kipindi kikionyeshwa hapa hapa wanatumia nyimbo nyingi bila kubembeleza mmoja mmoja. Kikiuzwa nje ndio balaa, muziki unabadilishwa. Mi ndio kazi yangu hiyo, nakaa na kyu shiti, yaani orodha ya muziki wote uliomo kwenye kipindi, naandika jina la wimbo, mtunzi, pablisha, asilimia zao, umeingia dakika ya ngapi umetoka ya ngapi. Inachosha macho balaa ila ndio karatasi inayomletea mtunzi mirabaha, ukikosea jina moja mtu halipwi.

Na msidharau hata wimbo wa kukata keki. Happy Birthday ulikuwa unalipiwa mpaka mahakama ya Marekani ilipoamua 2015 kwamba kampuni iliyokuwa inakusanya pesa haina haki halali ya maneno yake, mwaka uliofuata wakakubali kulipa dola milioni 14. Ndio maana filamu za zamani watu wanakata keki wanaimba vitu vya ajabu ajabu.

Mkanda254
Kweli kabisa. Na BintiTabata, siku ya kushuti zima redio ya mama. Lipa mama ntilie hela ya usumbufu kama inabidi, wimbo mtauweka wakati wa kuedit.

BintiTabata
Wakuu nimerudi na mrejesho. Ule wimbo wa Magomeni msanii amekubali, ana lebo yake mwenyewe na mistari kaandika yeye, nikafurahi. Nikamuuliza prodyuza wa biti mwenye jina pale kwenye YouTube nimtumie naye karatasi asaini. Kaniambia biti hakuitengeneza yeye, aliinunua mtandaoni dola 30, ya mzungu fulani, na risiti imeandikwa kabisa sio kwa matumizi ya televisheni.

Mkanda254
😂😂 Karibu kazini. Muandikie mzungu.

MzeeWaKijiwe
Si nilisema sekunde saba.