Mnaagiza nyasi zikatwe kipara, zikifa mnakataa kulipa

Wakuu, heshima kwenu. Ninaendesha kampuni ndogo ya kutunza bustani na viwanja vya nyasi hapa Dar es Salaam, na wateja wetu wengi wako Mikocheni, Mbezi Beach na Kigamboni, baadhi wakiwa wenye nyumba binafsi na wengine wasimamizi wa majengo ya kupangisha. Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoshwa na tabia ambayo sasa imekuwa kama utaratibu rasmi: mteja anatoa amri inayoua nyasi, anapuuza onyo alilopewa kwa maandishi, kisha nyasi zinapokauka anazifanya kisingizio cha kutolipa ankara. Huu si ubishi wa kitaalamu baina ya watu wawili wenye maoni tofauti. Ni kula jasho la watu.

Tukio lililonifikisha hapa ni la masika yaliyopita. Tulipatana na msimamizi wa eneo moja la nyumba za kupangisha kwamba katika miezi ya mvua tutakata kila wiki na kuziacha nyasi kwenye urefu wa sentimita 6, kwa kuwa ni nyasi zenye jani pana, na kiangazi tutapunguza ziara kadiri nyasi zitakavyopunguza kasi ya kukua. Bei ilipangwa kwa ziara. Mvua za Aprili zilipokolea, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Dar, bwana huyo alitutaarifu kwamba gharama zimemzidi, kwa hiyo tuwe tunakwenda mara moja kwa mwezi, lakini tukienda tukate mpaka chini kabisa ili nyasi zichelewe kurudi. Nilimwandikia ujumbe nikamweleza madhara yake moja baada ya jingine. Akajibu kwamba nikate, maana anayelipa ni yeye.

Vijana wangu walipofika walikuta nyasi zimevuka vifundo vya miguu na kulala upande mmoja kwa uzito wa maji. Msimamizi aliwasimamia mwenyewe, akawaamuru washushe mashine hadi tundu la mwisho la kupangia urefu wa mkato, na kila mashine ilipozimika kwa kuelemewa na nyasi mbichi aliwaambia waiwashe na kuendelea. Baada ya kazi hiyo uwanja mzima ulikuwa na rangi ya manjano iliyofifia, vikonyo vitupu vimesimama kama mabua, na mchanga unaonekana katikati yake. Mwezi uliofuata alirudia amri ileile. Kufikia Juni, mvua zilipokatika, sehemu yote ya mbele inayopigwa na jua mchana kutwa ilikuwa na mabaka ya udongo mtupu, na kwenye mabaka hayo magugu ya ndago yalikuwa yameshaota. Hapo ndipo ankara za miezi miwili ziliporudishwa na maelezo kwamba kazi yetu haikuridhisha na kwamba tunapaswa kurejesha nyasi kwa gharama zetu. Ujumbe wake wa kuamuru nikate ninao mpaka leo kwenye simu, na nilipomtumia nakala hakuujibu.

Kwa wale ambao hawajapata kuelezwa, nyasi hujitengenezea chakula kwa jani lake la kijani, na ukilinyang'anya jani umeunyang'anya mmea chakula. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa na watunza nyasi kila mahali ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja: ukitaka uwanja ubaki kwenye sentimita 6, unakata nyasi zikifika sentimita 9. Nyasi zilizoachwa zikafika sentimita 18, halafu zikashushwa hadi sentimita 2, zimepoteza sehemu nane kati ya tisa za urefu wake kwa asubuhi moja, na kilichobaki ni vikonyo vilivyokuwa kivulini muda wote na ambavyo havina ukijani wa kutosha. Mmea ulio katika hali hiyo hupunguza au kusimamisha kabisa ukuaji wa mizizi, kisha huanza kutumia akiba iliyo kwenye matawi yanayotambaa ardhini ili uchipue majani mapya. Ukikatwa tena kwa namna hiyohiyo kabla akiba haijarudi, unaingia kiangazi ukiwa na mizizi mifupi isiyoweza kufuata maji chini, kwenye udongo wetu wa kichanga ambao haushiki maji hata kidogo. Wakati huohuo jua limepata njia ya kufika ardhini, na mbegu za magugu zilizokuwa zimelala chini ya kivuli cha nyasi zinaota kwa wingi. Ndago ndiyo mbaya kuliko magugu yote, kwa sababu haijali imekatwa mara ngapi. Ina viazi vidogo chini ya ardhi vinavyochipua upya, na silaha ya kwanza dhidi yake ni nyasi nene zinazoinyima mwanga. Anayeamuru uwanja unyolewe kipara anaifungulia ndago mlango, na baadaye anatutaka tuing'oe bure.

Nyasi nazo si za aina moja, jambo ambalo tunalieleza kwa kila mteja mpya. Ukoka wenye jani jembamba unaweza kuvumilia mkato wa sentimita 3, lakini nyasi pana, ambazo wengine huziita nyasi za Pemba, hazitaki kushuka chini ya sentimita 6. Paspalamu inavumilia maji yenye chumvi, na ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba za karibu na bahari zinazomwagilia maji ya kisima. Wapo pia wanaong'ang'ania nyasi za kikuyu kwa sababu wameziona Arusha zikiwa nzito na za kijani kibichi. Asili yake ni nyanda za juu zenye ubaridi, na zinapodhoofika kwa joto la pwani lawama zinaelekezwa kwetu ingawa tulisema tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo msimamizi yule alilisema mbele ya wapangaji, na limeniudhi kuliko hata fedha: kwamba mashine zetu ni butu na ndizo zilizounguza nyasi. Kila mtu anaweza kulihakiki hilo kwa macho. Jani lililokatwa kwa kisu kikali lina ncha iliyonyooka, na lililokatwa kwa kisu butu lina ncha iliyochanika yenye nyuzinyuzi nyeupe ambazo baada ya siku mbili hugeuka kahawia. Sisi tunanoa visu kila baada ya siku chache za kazi. Kinachovimaliza ni hiyo amri ya kukata mpaka chini, kwa sababu mashine ikishushwa hadi tundu la mwisho kwenye uwanja wa mchanga, kisu hakikati nyasi peke yake. Kinakata mchanga, vipande vya matofali na vifuniko vya chupa, na ukali wa siku nzima unakwisha kabla hujamaliza upande mmoja. Mashine ya kubeba begani ikishushwa hivyo hurusha kokoto, na kokoto ikivunja kioo cha gari la mpangaji, bei ya kioo inakatwa kwenye malipo yetu bila hata kuulizwa.

Halafu kuna hoja inayorudiwa kila ninapodai haki yangu, kwamba yupo kijana mwenye fyekeo anayeweza kufanya kazi hiyohiyo kwa robo ya bei. Simdharau kijana huyo; baadhi ya vijana wangu walianza hivyo, na kufyeka pori kwa fyekeo kunahitaji nguvu na ustadi. Lakini bei yangu imebeba vitu ambavyo mteja huyohuyo huvidai kwenye karatasi za zabuni kabla hajanipa kazi. Wafanyakazi wangu wameandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara wa kila mmoja baina ya mwajiri na mfanyakazi. Nachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu ya asilimia moja ya mishahara. Nina leseni ya biashara, mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, mabuti, miwani ya kukinga macho na gari la kubebea mashine. Petroli inapangiwa bei kikomo na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikipanda sina ruhusa ya kupandisha ankara katikati ya mkataba. Mteja anayetaka nyaraka zote hizo kwanza, kisha anaponidai punguzo ananilinganisha na mtu ambaye hakumdai nyaraka hata moja, hatendi haki kwangu wala kwa kijana huyo.

Suala la risiti nalo lisemwe wazi. Baadhi ya ofisi zinadai risiti ya EFD kabla ya kulipa, kwa madai kwamba mhasibu hawezi kuandaa malipo bila risiti. Nikishaitoa, mauzo hayo yamekwisha kuhesabika kwenye mashine na mamlaka ya kodi inayaona kama mapato yangu, ilhali fedha yenyewe haijafika na huenda ikakaa miezi. Wengine wanakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na hilo ni takwa la sheria kwa anayelipa katika kuendesha biashara yake, lakini hawanipi hati ya zuio, na bila hati hiyo siwezi kudai kodi hiyo ihesabiwe kwenye kodi yangu ya mwaka. Wapo hata wenye nyumba binafsi wanaokata hiyo asilimia 5 kwa kukata nyasi za nyumbani kwao. Sheria haiwataki wakate, na fedha hiyo haifiki serikalini.

Nitatoa mfano mmoja wa mwenye nyumba, kwa sababu unaonyesha jinsi lawama zinavyotengenezwa. Tulikuta uwanja wake una madoa ya kahawia, kila moja likiwa na ukubwa wa sahani, yamejipanga kwa mstari na kuachana kwa umbali wa hatua moja ya mtu, kutoka getini hadi kwenye kibaraza. Nilipoinama na kupekua nyasi nilikuta chembe nyeupe za mbolea bado hazijayeyuka. Mlinzi alikiri mbele ya mwenye nyumba kwamba alitumwa kununua urea na kuimwaga kwa kiganja, mchana, kwenye nyasi kavu, na maji hayakuwashwa kwa sababu bomba lilikuwa halitoi. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na inapaswa kutawanywa kidogo kidogo kwa usawa na kumwagiliwa papo hapo. Pamoja na ushahidi huo wote, mwenye nyumba alishikilia kwamba nyasi zilikuwa nzima kabla sisi hatujaanza kuja, akakata nusu ya malipo ya mwezi. Vijana wawili waliofanya kazi hapo wana familia, na mshahara wao niliulipa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kununua mashine mpya.

Wasimamizi na wenye nyumba, ninachodai ni kidogo. Mkitaka kupunguza gharama, semeni, na tutapanga pamoja: tunaweza kupunguza eneo linalokatwa kila wiki, tukapanda mimea ya kutambaa kwenye sehemu zenye kivuli ambako nyasi hazistawi, au tukaacha vipande vya nyasi zilizokatwa palepale uwanjani vioze na kurudisha naitrojeni kwenye udongo badala ya kuvifagia na ufagio wa chelewa na kuvibeba kwa gari. Mkiamua kukataa ushauri wetu, hiyo ni mali yenu na mna haki ya kuiamulia, lakini matokeo ya uamuzi huo ni yenu pia, na ankara ya kazi mliyoiagiza mnapaswa kuilipa kwa ukamilifu na kwa wakati. Msijifiche nyuma ya hoja kwamba hatukusaini karatasi. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya hiari baina ya watu wenye uwezo wa kisheria ni mkataba hata kama yalifanywa kwa mdomo, na ujumbe wa simu unaoamuru kazi ifanyike ni ushahidi.

Kuanzia vuli ijayo kampuni yangu haitaingia kwenye uwanja wowote bila karatasi yenye mambo yafuatayo: aina ya nyasi, urefu wa mkato, idadi ya ziara katika masika, vuli na kiangazi, picha za uwanja siku ya kwanza, malipo ya mwezi mmoja kabla ya kazi, na kifungu kinachosema kwamba mteja akiagiza mkato ulio chini ya urefu tuliouandika, anasaini palepale na madhara yake hayatakuwa juu yetu. Risiti ya EFD itatolewa siku fedha inapopokelewa. Wateja watakaoondoka kwa ajili ya masharti hayo waondoke salama.

Wenye kampuni za bustani mliokwisha kuweka kifungu cha namna hii kwenye mikataba yenu, au mliowahi kumfikisha mteja mahakamani kwa ankara ya kukata nyasi, naomba mniandikie hapa mlikiandika vipi na hakimu alikipokeaje.